Makampuni ya Bima na Sera ya Afya ya Umma: Uingereza na Marekani tangu 1911

Mara nyingi katika madarasa ya itikadi huulizwa swali hili: Je, imekuwaje Marekani, nchi yenye utajiri mkubwa kuliko zote, ishindwe kuwahakikishia wananchi wake wote matibabu, wakati Uingereza, iliyotoka vitani mwaka 1945 ikiwa imezama katika madeni, iliweza? Watetezi wa ubepari hujibu kwamba Mmarekani kwa asili yake hapendi kuingiliwa na Serikali. Jibu hilo ni kasumba. Hakuna mtu anayezaliwa na chuki dhidi ya hospitali isiyodai fedha mlangoni. Chuki hiyo ilitengenezwa, ikalipiwa, na waliolipia wanajulikana.

Lakini liko jibu la pili, ambalo hutolewa na ndugu zetu wenye msimamo mzuri, nalo pia halitoshi. Wao husema: mabepari wa bima waliwanunua wabunge, basi. Kama jambo lingekuwa hilo tu, makampuni ya Uingereza yangeshinda vile vile, maana yalikuwa na nguvu Bungeni kabla wenzao wa Marekani hawajaingia katika mapambano haya. Mwishoni hayakushinda. Hapana budi, basi, tuchunguze historia yenyewe, na tutazame jambo moja linalosahauliwa: mkono uliomlipa daktari na hospitali ulikuwa wa nani?

Msomaji wa hapa Tanzania ana sababu ya kulifuata swali hili. Biashara ya bima iliwekwa mikononi mwa umma Februari 1967, ikafunguliwa tena kwa makampuni binafsi kwa sheria ya 1996, na mwaka 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno “bima” limekuwa neno la sera ya afya. Yafaa tujue limepita wapi kabla ya kutufikia.

PENI YA MAZIKO

Makampuni haya hayakuanza na ugonjwa. Yalianza na kifo. Katika miji ya viwanda ya Uingereza ya karne ya 19, mfanyakazi aliogopa jambo moja kuliko njaa: kuzikwa kwa gharama za umma, katika kaburi la mafukara, bila jina. Wafanyakazi wenyewe waliunda vyama vya kufa na kuzikana, kama tunavyovijua sisi, na vyama vya kusaidiana wakati wa ugonjwa. Mabepari waliona hofu hiyo wakaifanya bidhaa. Kampuni ya Prudential, iliyoanzishwa London mwaka 1848, ilianza mwaka 1854 kuuza bima ya maziko kwa malipo ya peni kila juma, na wakala wa kampuni alipita nyumba kwa nyumba kuikusanya. Familia iliyokosa kulipa kwa majuma machache iliweza kupoteza yote iliyokwisha kulipa. Tena kumtuma mtu mlangoni kila juma kufuata peni moja ni kazi ya gharama; sehemu kubwa ya peni hiyo iliishia kwa wakala na kwa wenye hisa. Beveridge alipochunguza mambo haya mwaka 1942 alikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya kila pauni iliyolipwa ilimezwa na gharama za uendeshaji.

Hata hivyo wakala huyo alikuwa na kitu ambacho hakuna chama cha siasa cha siku zile kilichokuwa nacho. Alijua kila mlango. Alijua nani mgonjwa, nani kapata mtoto, nani kafukuzwa kazi. Akitaka kusema neno juu ya mbunge wa jimbo, alilisema jikoni kwa mama wa nyumba, kila juma, katika maelfu ya nyumba. Makada tunaojua kazi ya balozi wa nyumba kumi hatuhitaji kuelezwa zaidi maana ya nguvu hiyo.

SHERIA YA 1911: MAKAMPUNI YAINGIA NDANI

Lloyd George, Waziri wa Fedha, alipotayarisha mpango wa bima ya taifa ya ugonjwa, alikusudia pia kuwapa pensheni wajane na yatima. Makampuni yaliona mara moja kwamba mjane mwenye pensheni ni mjane asiyehitaji hati ya bima. Yalijikusanya katika umoja wao, wakili wao akiwa kijana mmoja aitwaye Kingsley Wood, na pensheni ya wajane ikaondolewa katika mpango hata kabla muswada haujafika Bungeni. Wajane wa Uingereza walisubiri hadi sheria ya 1925. Fedha za maziko nazo hazikuguswa.

Baada ya kuyazuia hayo, makampuni hayakupinga sheria yenyewe. Yalidai kuingia ndani yake. Lloyd George alikuwa ametaka mpango uendeshwe na vyama vya kusaidiana vya wafanyakazi, visivyotafuta faida na vinavyotawaliwa na wanachama wenyewe. Sheria ya Desemba 1911 ilipokamilika, masharti ya utawala wa wanachama yalikuwa yamelegezwa kiasi kwamba kampuni iliweza kuunda tawi lake “lisilo na faida”, likaitwa chama kilichoidhinishwa, na likasajili wafanyakazi kwa kutumia mawakala wale wale wa peni. Mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4 kwa juma, mwajiri akatoa 3, Serikali 2. Akiugua alipata shilingi 10 kwa juma. Mwanamke alipata shilingi 7 na peni 6. Mke asiyeajiriwa na watoto hawakuwa na daktari katika mpango huo, na kulazwa hospitali ya kawaida hakukuwamo.

Tawi lisilo na faida lilikuwa na faida gani kwa kampuni? Lilimpa wakala sababu ya halali, tena yenye muhuri wa Serikali, ya kuingia katika kila nyumba ya mfanyakazi. Na akiisha kuingia kwa ajili ya shilingi 10 za ugonjwa, alitoa hati za maziko mkobani.

Katika pilikapilika hizo lilipita jambo ambalo wakati ule lilionekana dogo. Madaktari wa Uingereza hawakuvipenda vyama vya kusaidiana, maana vilikuwa vikiwaajiri kwa ujira mdogo na kuwaamuru. Walipiga kelele, na marekebisho ya muswada yakaamua kwamba vyama vilivyoidhinishwa vitalipa fedha taslimu kwa mgonjwa, lakini daktari atalipwa kupitia kamati za bima za kila wilaya. Madaktari walifanya hivyo kwa maslahi yao wenyewe, na wala hatuna sababu ya kuwapamba. Lakini matokeo yake ni kwamba tangu siku ya kwanza mkono wa kampuni haukushika ujira wa daktari.

MAREKANI: MAKAMPUNI YAFUNGA MLANGO

Mwaka 1915 Shirika la Marekani la Sheria za Kazi, kundi la wasomi wapenda mageuzi, lilitunga muswada wa mfano wa bima ya lazima ya ugonjwa ili upelekwe katika mabunge ya majimbo. Mfanyakazi na mwajiri wangechangia sehemu mbili kwa tano kila mmoja, na jimbo moja kwa tano. Watunzi, wakijiona werevu, waliongeza fedha za maziko, hadi dola 50. Walifikiri wanaokoa fedha za wanyonge zinazomezwa na mawakala. Kwa hakika waliikanyaga nyoka mkia. Metropolitan na Prudential ya Newark (kampuni ya Kimarekani, si tawi la ile ya London) ziliishi kwa bima ya maziko.

Aliyebeba silaha za Prudential alikuwa mtakwimu wake, Frederick Hoffman. Ndugu msomaji, mtu huyu anastahili tusimame kidogo. Mwaka 1881 Prudential ilikuwa imeamua kwamba familia ya Mmarekani Mweusi italipa ada ile ile ya kila juma kama Mzungu, lakini ikifiwa italipwa theluthi mbili tu. Majimbo kadhaa, Massachusetts ikitangulia mwaka 1884, yalipiga marufuku ubaguzi huo. Mwaka 1896 Hoffman akatoa kitabu kizima cha takwimu kudai kwamba watu Weusi wanakufa mapema kwa sababu ya asili ya damu yao, wala si kwa sababu ya nyumba mbovu, ujira mdogo na maji machafu. W.E.B. Du Bois aliyapinga mahesabu yake mwaka uliofuata, akionyesha kwamba vifo vingi hivyo vilikuwa vifo vya umaskini. Hapa tunaona bima ya kibiashara inavyofikiri: kifo kinachosababishwa na unyonyaji huandikwa katika daftari kama kasoro ya maiti.

Hoffman huyo huyo alikuwa amekaribishwa katika kamati ya wapenda mageuzi kama mtaalamu. Alikaa, akasikiliza, kisha akajitoa na kuandika vijitabu dhidi yao. Marekani ilipoingia vitani na Ujerumani mwaka 1917, propaganda ikapata chakula: bima ya lazima ilikuwa imeanzishwa Ujerumani na Bismarck mwaka 1883, kwa hiyo ni kitu cha adui. Katika kura ya maoni ya California, Novemba 1918, kampeni iliyogharamiwa na wenye bima ilitumia picha ya Kaiser mwenyewe, na zaidi ya theluthi mbili ya wapiga kura wakaukataa mpango. (Hoffman, kwa njia, alizaliwa Ujerumani.) Mwaka 1919 muswada ulipita katika Seneti ya New York ukafia katika baraza la pili. Safari hii Kaiser alikuwa amekwisha kukimbia, kwa hiyo ilisemwa kwamba bima ya afya ni ya Wabolsheviki.

Makampuni hayakuwa peke yake. Waajiri walipinga. Chama cha madaktari, ambacho mwanzoni kilielekea kukubali, mwaka 1920 kilitangaza upinzani. Na jambo la kutuhuzunisha zaidi, Samuel Gompers, kiongozi wa shirikisho kubwa la vyama vya wafanyakazi, naye alipinga, akihofia kwamba Serikali ikimpa mfanyakazi matibabu, mfanyakazi hatakihitaji chama. Hata Metropolitan ilikuwa na akili kuliko hivyo: tangu 1909 ilipeleka wauguzi majumbani kwa wateja wake, kwa kuwa mteja anayeishi ni mteja anayeendelea kulipa.

UINGEREZA YAWATOA

Hebu turudi Uingereza tuone mwisho wa vyama vilivyoidhinishwa. Kwa kuwa kila chama kilichagua wanachama, chama chenye vijana wenye afya kilipata ziada, na chama cha wachimba makaa kilipata upungufu. Chama chenye ziada kiliwapa wanachama wake matibabu ya meno na miwani. Mchango wa lazima ulikuwa ule ule, lakini haki zilitofautiana. Tume ya Kifalme iliyotoa taarifa mwaka 1926 iligawanyika, na wachache ndani yake wakasema vyama hivyo viondolewe. Havikuondolewa. Yule wakili wa 1911, Kingsley Wood, alikuwa Waziri wa Afya kutoka 1935 hadi 1938. Taarifa ya Beveridge ilipotoka Desemba 1942 na kupendekeza vyama hivyo vifutwe, Waziri wa Fedha aliyetakiwa kuihesabia gharama alikuwa Kingsley Wood tena.

Basi nguvu ya makampuni katika Serikali haikuwa imepungua hata chembe. Kilichobadilika kilikuwa umma. Vita ilikuwa imewafundisha watu kwamba Serikali inaweza kugawa chakula na kuendesha hospitali za dharura, na katika uchaguzi wa Julai 1945 wafanyakazi wakakipa chama cha Labour wingi mkubwa wa viti. Sheria mbili za 1946, ya Bima ya Taifa na ya Huduma ya Afya, zilianza kazi tarehe 5 Julai 1948, na siku hiyo vyama vilivyoidhinishwa vikakoma.

Yafaa kuangalia jinsi vilivyokoma. Aneurin Bevan, Waziri wa Afya, alipambana na madaktari kwa muda mrefu na kwa ukali. Lakini hakulazimika kupambana na makampuni juu ya malipo ya madaktari, kwa sababu makampuni hayakuwa yakiwalipa. Alikuta kamati za wilaya zenye orodha za madaktari na wagonjwa wao, akazigeuza. Alikuta hospitali za hiari na za manispaa, nyingi zikiwa na hali mbaya ya fedha, akazitaifisha. Hakuna daktari aliyekosa mshahara kwa sababu Prudential imetolewa mlangoni. Lile jambo dogo la 1911 lilikuwa limekuwa jambo kubwa.

Na tusidanganyike kwamba Labour ilimaliza kazi. Mwaka 1949 ilipotangaza nia ya kuitaifisha bima ya maziko yenyewe, mawakala walirudi milangoni na siasa mkobani. Kabla mwaka haujaisha chama kililegeza kamba, kikasema makampuni yatageuzwa kuwa mali ya wenye hati tu. Labour ikaondoka madarakani Oktoba 1951, na hata hilo halikufanyika.

MKONO UNAOLIPA

Marekani ilikwenda njia nyingine, na ilianza pole pole, tena bila makampuni makubwa. Mwaka 1929 hospitali ya Baylor mjini Dallas, iliyokuwa na vitanda vitupu na hati za madeni yasiyolipwa, iliwaahidi walimu wa mji huo siku 21 za kulazwa kwa mchango wa senti 50 kwa mwezi. Mpango huo ukawa mbegu ya Blue Cross. Ulisifiwa kama ushirika, na kwa kiasi fulani ulikuwa ushirika. Lakini nani alikuwa mwenyewe? Hospitali. Alama ya Blue Cross ilikuwa mali ya Shirika la Hospitali la Marekani hadi mwaka 1972. Mlipaji alikuwa mtoto wa mlipwaji.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Serikali ilizuia mishahara kupanda, lakini ikaruhusu waajiri watoe bima ya afya badala ya nyongeza. Kisha sheria ya kodi ya mwaka 1954 ikathibitisha kwamba bima inayolipwa na mwajiri haitozwi kodi ya mapato. Kwa maneno mengine, Hazina ya umma ilianza kuyalisha makampuni binafsi bila kifungu hata kimoja katika bajeti. Mwaka 1940 ni takriban Mmarekani mmoja tu kati ya kumi aliyekuwa na bima ya hospitali. Mwaka 1960 walikuwa zaidi ya nusu ya taifa.

Rais Truman alileta mpango wa bima ya taifa Novemba 1945. Ni kweli kwamba adui yake mkuu hakuwa kampuni ya bima. Alikuwa chama cha madaktari, ambacho mwaka 1949 kilimtoza kila mwanachama dola 25 na kuajiri watangazaji wa California, Whitaker na Baxter. Lakini watangazaji hao walijua kwamba huwezi kukipinga kitu bila kuonyesha kingine. Kitu walichokionyesha kilikuwa bima binafsi ya hiari. Madaktari ambao zamani waliishuku bima yoyote sasa wakawa wapiga debe wake. Vyama vya wafanyakazi, baada ya kuona Truman ameshindwa, vikatafuta kwa mwajiri kile ambacho Bunge lilikataa: mwaka 1950 chama cha wafanyakazi wa magari kilifunga mkataba mashuhuri na General Motors, bima ya afya ikiwemo. Walter Reuther, kiongozi wao, aliendelea kutetea mpango wa taifa. Lakini jeshi lake lilikuwa limekwisha kulipwa, na jeshi lililolipwa haliandamani kwa hasira ile ile.

Walioachwa nje walikuwa wazee, wasio na kazi, vibarua wa mashambani, na Weusi wengi wa Kusini. Wazee ndio waliokuwa mzigo. Makampuni yalikuwa yameacha desturi ya ada moja kwa wote, yakatoza kila kundi kwa kadiri ya ugonjwa wake, na mstaafu hakuweza kulipa. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Johnson alitia sahihi Medicare, bima ya Serikali kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Ulikuwa ushindi wa kweli. Mwaka 1966 Serikali ilitamka kwamba hospitali yenye wodi za ubaguzi haitapata fedha za Medicare, na katika miezi michache zaidi ya hospitali elfu moja zilichanganya wodi ambazo miaka mingi ya kesi mahakamani haikuweza kuzichanganya. Hivyo ndivyo anayelipa anavyoamuru, akitaka.

Lakini sheria ile ile ilikabidhi kazi ya kulipa kwa wengine. Kila hospitali iliruhusiwa kuteua wakala wa kupitisha hati zake, na nyingi ziliteua Blue Cross. Malipo ya madaktari yalipitia Blue Shield na makampuni ya biashara. Serikali ilikubali kulipa gharama zote “zinazofaa”, na mwanzoni asilimia 2 juu yake. Nani aliamua gharama gani inafaa? Wakala aliyeteuliwa na mdai. Gharama zikapaa, na mwaka 1983 Serikali ikalazimika kuweka bei maalumu kwa kila aina ya ugonjwa. Makampuni yalibaki na vijana wenye afya kwa faida, na yakapewa karatasi za wazee kwa ujira. Hasara ya ugonjwa iliachiwa umma.

KUTOKA NJE HADI NDANI TENA

Yaliyofuata yanajulikana zaidi, nasi tutapita haraka. Mwaka 1993 Rais Clinton alileta mpango ambao makampuni makubwa yangeishi nao lakini madogo yasingeweza. Chama chao kilitumia mamilioni ya dola kwa matangazo ya televisheni ya mume na mke, Harry na Louise, wakihangaika mezani juu ya hati za bima. Septemba 1994 mpango ulizikwa.

Mwaka 2009 makampuni yalibadili mbinu, na anayekumbuka 1911 ataitambua mbinu hiyo. Yalitangaza kwamba yanaunga mkono mageuzi, mradi kila raia alazimishwe kununua bima. Wakati huo huo chama chao kilipeleka kimya kimya dola milioni 86 kwa Baraza la Biashara la Marekani, ambalo lilikuwa likiupinga muswada hadharani. Walichoogopa kilikuwa kifungu kimoja: bima ya Serikali ambayo baadhi ya raia wangeweza kuichagua badala yao. Kifungu hicho kilipita katika Baraza la Wawakilishi Novemba 2009, kikaondolewa katika Seneti Desemba. Sheria iliyosainiwa Machi 2010 iliwapa bima mamilioni ya watu ambao hawakuwa nayo, na ingekuwa uongo kulidharau jambo hilo. Vile vile iliwapelekea makampuni wateja wenye ruzuku ya umma.

Medicare yenyewe imegeuka taratibu. Sheria ya 2003 ilipanua mipango ambayo mzee anajiunga na kampuni binafsi na Serikali inamlipia huko. Mwaka 2023 zaidi ya nusu ya wazee waliostahili walikuwa katika mipango hiyo. Tume inayolishauri Bunge juu ya Medicare ilikadiria kwamba kwa mwaka 2024 Serikali ingelipa takriban dola bilioni 83 zaidi ya ambazo ingetumia kama wazee hao wangebaki katika mpango wa umma. Kila inaposemwa kwamba malipo hayo yapunguzwe, makampuni huwahimiza wazee wenyewe wawaandikie wabunge wao. Na wazee huandika, kwa sababu sehemu ya fedha hiyo huwarudia kama matibabu ya meno na miwani, vitu ambavyo mpango wa umma hauwapi, kama vile chama chenye ziada kilivyowapa wanachama wake kule Uingereza mwaka 1926.